Landrova 109 pikapu, miaka mitatu uani kwangu: lala chini kwanza ndo uiangalie bodi

Naanza na jibu kabisa kwa wenye haraka. Kama unatafuta pikapu ya zamani ya kuifufua mwenyewe nyumbani, jioni ukitoka kazini na wikendi baada ya ibada, na uani kwako panaingia gari moja na nafasi ya kuizunguka, Landrova 109 (hiyo 109 ni inchi kutoka ekseli ya mbele mpaka ya nyuma) ndo gari ya kuanzia, na hapa Tanzania sioni nyingine inayoifikia. Ila kuna sehemu moja hii gari inadanganya watu, ilinidanganya na mimi, na hiyo ndo sababu kubwa nimekaa kuandika, maana kila mara naona mtu kanunua moja kwa bei ya juu kisa bodi ni nzima.

Yangu ni Series 3, yaani toleo la tatu, ya mwaka 1975, injini ya petroli cc 2286, mbele watu watatu wamebanana, nyuma wazi. Niliitoa Karatu kwa mzee mmoja ambaye kwa miaka mingi alikuwa anabebea vitunguu vya Mang'ola, na ilikuwa imelala chini ya mgunga miaka kama minne hivi, kuku wanataga kwenye siti. Nikamwamkia, akaitikia marahaba kijana wangu karibu, tukakaa, tukanywa chai ndo tukasogea kwenye gari. Bodi ilikuwa nzima mpaka inashangaza, imebonyea hapa na pale lakini haina tundu hata moja la kutu, nikapitisha mkono kwenye madigadi nikajisemea gari ndo hii. Tukaafikiana milioni 5 na laki 2. Mzee alinitajia kwamba chini hapajakaa vizuri, tena alirudia, "Huko chini uangalie mwenyewe kijana wangu," mimi nikainama kidogo nikaona matope makavu, nikajua ni matope tu.

Sasa elewa hii kitu vizuri. Landrova inatoka mara ya kwanza mwaka 1948 Uingereza ndo imetoka vitani, chuma kinatolewa kwa mgao, alumini ndo inapatikana kirahisi, basi kampuni ya Rover wakaivisha gari yao bati la alumini lililochanganywa na magneziamu, na wakaendelea hivohivo mpaka hizi 109 zetu na Defender zilizokuja baadaye. Alumini haishiki ile kutu nyekundu. Ndo maana unakuta gari ya miaka hamsini madigadi yake na mbavu zake za nyuma ziko poa kabisa. Lakini mifupa yote ni chuma: chesisi, yaani ile fremu ya chini inayobeba gari yote, ule ukuta kati ya injini na miguu ya dereva, fremu za ndani ya milango, na chuma hicho kimekaa sehemu usizoziona mpaka ulale chini. Yaani ngozi haizeeki, mifupa inaoza, na mtu akienda kununua anaangalia ngozi.

Tena usidhani gari ya bara iko salama moja kwa moja. Za Tanga na Bagamoyo kila mtu anajua zinaliwa na upepo wa bahari. Za Singida na Dodoma kwa kawaida zina nafuu. Yangu imeishi sehemu kavu lakini Mang'ola iko kando ya Ziwa Eyasi, ziwa la chumvi, na lile vumbi la magadi likipata maji kidogo linaingia ndani ya chesisi na halitoki tena.

Nilikuja kujua hayo siku ya pili gari iko uani. Jirani yangu ni mzee aliyestaafu udereva serikalini, hizi gari kaziendesha tangu kijana, akaja asubuhi na nyundo ndogo na gunia. Rangi hakuiangalia wala injini hakuniuliza inawaka au haiwaki. Akatandika gunia akalala chini akaanza kugonga kuanzia mbele kwenye bampa, ngi, ngi, ngi, chuma kinaitika kama kengele ya shule, anasogea kwa mgongo anagonga, na mimi nimechuchumaa pembeni namsikiliza. Alipovuka magurudumu ya nyuma sauti ikabadilika, ikawa pu. Akarudia. Pu. Akaniambia, "Hapa haiitiki." Akagonga kwa nguvu kidogo tu, nyundo ikazama ndani ya boriti ya nyuma mpaka kwenye mpini.

Ile boriti ya nyuma, pale inapofungwa ndoano ya kuvutia, tulipokuja kuikata kwa grenda ilimwaga udongo mweupe ulioshikana kama saruji, na huo pamoja na ule tuliokwangua kwenye reli za chesisi ulifika karibu nusu ya ndoo ya lita 20. Chesisi ya hii gari ni boksi, ndani ni uwazi, na ina matundu chini ya kutolea maji. Yakiziba, maji yanakaa humo masika nzima na kutu inakula kutoka ndani kuja nje. Kwa nje unaona rangi nyeusi safi, kumbe umebaki unene wa bati la debe.

Kwa hiyo ukienda kununua beba nyundo ndogo na gunia, gonga boriti ya nyuma, gonga ile mikono inayotoka pembeni ya chesisi kushika bodi, gonga sehemu zote springi zinapofungwa, halafu ndani inua zulia au mpira wa sakafu uangalie pale dereva na abiria wanapoweka miguu. Muuzaji akikataa usigonge, mshukuru uondoke. Na ukiwa hukohuko chini safisha kile chuma cha kushikia springi ya mbele upande wa kulia, namba ya chesisi imegongwa pale, ilinganishe na kadi kabla hujatoa hata shilingi. Nimeshaona mtu ana kadi ya gari moja na chesisi ya nyingine, na hilo halitatuliki kwa supana.

Kuhusu kuchomelea, nilinunua mashine ndogo ya inveta inayotumia vijiti, ile unaibeba begani kama mkoba, na kwa chesisi imenitosha kabisa. Chuma cha chesisi kina milimita 2 hivi, viraka nimetumia pleti ya milimita 3, vijiti vya milimita 2.5, ampea 70 nikipanda kidogo kwenye pleti nene. Fundi wa kuchomelea mtaani kwetu alinifundisha jioni mbili kwa vyuma chakavu kabla hajaniruhusu kugusa gari na nilimlipa kwa hilo, ilikuwa pesa iliyotumika vizuri kuliko zote. Kabla hujawasha cheche toa waya za betri, chomoa oltaneta, na tenki la mafuta litoe kabisa, lipeleke mbali. Kwenye hii pikapu tenki liko chini ya siti, na tenki tupu la petroli ni hatari kuliko lililojaa kwa sababu mvuke ndo unalipuka. Usikate kiraka chote cha chesisi kwa pamoja, gari itajikunja. Nilikata upande mmoja, nikashika kwa nukta nukta, nikapima kona kwa kona kwa futi kamba, nikamalizia, ndo nikahamia upande wa pili.

Ila ule ukuta wa injini, sehemu ya kuwekea miguu, mashine ya vijiti haifai, bati ni jembamba inatoboa tu, kila ukiziba tundu unafungua mawili. Hiyo nikaifungua yote nikaipakia kwenye bajaji ya mizigo mpaka kwa fundi mwenye mashine ya gesi na waya. Na hapo ndo utamu wa Landrova, kila kitu ni bolti. Madigadi ni bolti, milango ni bolti, paa ni bolti, bodi ya nyuma yote unafungua bolti mnainyanyua watu wanne mnaiweka pembeni. Hakuna pikapu ya kisasa utakayoifanyia hivyo nyumbani bila mashine kubwa.

Bolti zenyewe sasa. Nyingi zilikatika, nikaacha kuhesabu. Lakini kilichonitesa kuliko vyote ni rilei ya stelingi. Ni chuma cha mviringo kama chupa nene, kimesimama wima ndani ya boriti ya mbele ya chesisi, mbele ya rejeta, kazi yake ni kupeleka mzunguko wa usukani upande wa pili. Kwa kuwa kimeshindiliwa ndani ya tundu la chuma tangu 1975, kimeshikana na chesisi kama kimezaliwa hapo. Tulimwagia dizeli iliyochanganywa na oili ya giaboksi kila jioni kwa wiki nzima. Tukapasha moto. Tukagonga. Mwisho tukaweka jeki ya chupa chini yake tukaanza kupiga, mwanangu wa darasa la saba anapampu mimi nagonga boriti pembeni kwa nyundo ya kilo mbili, gari ikaanza kunyanyuka pua yote, tairi za mbele zinakaribia kuachana na ardhi, mwanangu ananiuliza baba niendelee, namwambia ngoja kwanza, nikagonga mara moja kwenye kona na ikatoka mlio kama risasi, gari ikashuka na rilei ikapanda sentimita moja. Tulipiga kelele mpaka mama watoto akatoka nje na mwiko mkononi. Tahadhari kubwa hapa: ndani ya hiyo rilei kuna springi kali imebanwa, usiifungue hovyo ukiishika usoni, ifunge ndani ya gunia zito kwanza, ile springi ikiruka inavunja taya.

Kutu ya vyuma vidogo, bawaba, vishikio, mabano ya springi, nati kubwa, nimeitoa kwa molasi na ningependa kila mtu ajue hili maana ni rahisi na huku kwetu molasi ya kulishia ng'ombe inapatikana, kiwanda cha sukari cha TPC kiko hapo Moshi tu. Sehemu moja ya molasi kwa sehemu tisa za maji kwenye pipa la plastiki, zamisha vyuma, funika, sahau wiki mbili. Inatoa harufu na povu juu, weka mbali na dirisha la kulala. Ukitoa unakuta kutu imelegea inatoka kwa maji na brashi, chuma kinabaki kijivu safi bila kukwanguliwa. Kausha juani palepale upake praima siku hiyohiyo, ukiacha ilale usiku asubuhi unakuta imeshaanza wekundu. Na USIWEKE alumini humo, wala kabureta, molasi inaila alumini. Rafiki yangu mmoja aliweka bawaba zikiwa bado zimefungwa kwenye kipande cha bodi, bawaba zilitoka nzuri sana, kipande cha bodi kikatoka na vitobo.

Alumini na yenyewe ina ugonjwa wake, sio kwamba haifi. Inapogusana na chuma na pakawa na unyevu wenye chumvi, alumini ndo inaliwa, inageuka unga mweupe, rangi inavimba kama malengelenge. Angalia pembeni mwa ribiti na pale bodi inapokalia chesisi. Mimi kila sehemu alumini inapokutana na chuma nimeweka ukanda wa mpira uliokatwa kwenye tyubu ya baiskeli, na bolti nimezipaka grisi kabla ya kufunga. Mpaka leo bado hakuna lengelenge.

Kunyoosha yale mabonyeo nilijifunza kitu ambacho kilinifurahisha mpaka leo. Alumini ya zamani ukiigonga baridi inakuwa ngumu halafu inapasuka, inatakiwa ipashwe moto kwanza, na shida ni kwamba alumini haibadiliki rangi kama chuma, unapasha unapasha unashtukia imeyeyuka. Dawa yake ni sabuni ya mche. Unaisugua sabuni kavu kwenye bati kama unaandika kwa chaki, unapitisha tochi ya gesi taratibu kutoka nyuma, sabuni inakuwa njano, inakuwa kahawia, ikifika karibu nyeusi unaondoa moto hapohapo. Unaacha ipoe, bati limekuwa laini kama la sufuria jipya, unaligonga kwa nyundo ya mbao juu ya mfuko wa mchanga linafuata mkono. Madigadi ya kushoto ilikuwa na bonyeo la kuingia kichwa cha mtu, nimelitoa bila puti yoyote. Puti kidogo nimeweka mlangoni tu.

Injini sina maneno mengi kwa sababu haikunisumbua. Hii 2286 ni injini ya taratibu, mgandamizo wake ni mdogo, haichagui petroli. Uwazi wa tapeti za valvu ni milimita 0.25 zote, za kuingiza na za kutoa, mfuatano wa plagi kuwaka 1-3-4-2, uwazi wa pointi za distributa kama milimita 0.4, ukishajua hizo namba tatu nusu ya matatizo unayamaliza uani na filagenji ya bei ndogo, vile vibati vya kupimia uwazi. Kabureta ya Zenith ndo ina tabia ya kupinda, sehemu ya juu na ya chini zinaachia uwazi katikati inaanza kunywa mafuta na kukosa sailensa, yaani haitulii ikiwa imesimama, unazisugua kwenye msasa laini uliotandikwa juu ya kioo mpaka zikae sawa, gasketi mpya, basi. Nimeibadilishia oili, nimebadilisha mpira wa pampu ya mafuta na waya za plagi, ikawaka siku ya Jumapili saa kumi jioni. Sauti yake ikiwa imetulia unasikia kila tapeti inaongea.

Wengi mtaniuliza kwa nini sikuweka injini ya Toyota, 2L au 3L ya dizeli kama wanavyofanya mafundi wengi. Kwa mtu anayebeba abiria na mizigo Loliondo au Longido kila siku namwelewa kabisa, dizeli inamlipa, spea ziko kila duka, na hizo gari ndo zimebeba vijiji vizima. Lakini kama unafufua gari kwa mapenzi naona ukiitoa ile injini umetoa roho yake, na utahangaika na adapta ya giaboksi, na bado lazima uende ukabadilishe namba ya injini kwenye kadi. Ni maoni yangu na nasimama nayo.

Spea. Ukiwa Arusha uko kwenye bahati, kampuni za utalii zimetumia Landrova miaka mingi, kwa hiyo mafundi wanaozijua wapo na ukizunguka gereji za Unga Limited na kwa wauza vyuma chakavu unakuta difu, propela, milango, hata mataa ya zamani. Za kutumika ambazo ni orijino mimi nazichukua kabla ya mpya zisizo na jina. Kuna duka moja mjini sitalitaja liliniuzia mipira ya breki ya silinda za magurudumu kwa bei ya orijino, ikiwa kwenye boksi zuri lenye stika, baada ya wiki mbili ilivimba na kulainika kama ubani, na pedali ikaenda mpaka chini nikiwa nateremka na gari na mwanangu kashika mlango. Nilisimamisha kwa gia ya kwanza na brekimkono. Nilivyoirudisha wakasema nimeweka oili mbaya, wakati chupa ya oili ya breki nilinunua kwao siku ileile na risiti ninayo. Hela sikurudishiwa. Tangu siku hiyo vitu vya breki na vya stelingi naagiza kwa mtu ninayemjua, nasubiri hata miezi miwili, na kila mpira nauminya na kuunusa kabla ya kuufunga. Breki hii gari ni za madramu magurudumu yote manne, hazina msamaha hata zikiwa nzima, usizifanyie bahili hata kidogo.

Baada ya mifupa ndo nikaja kwenye urembo, na huko nilijipa nafasi. Alumini inataka praima yake maalumu yenye asidi, ukipaka ile nyekundu ya vyuma moja kwa moja rangi inabanduka kama ganda la yai, nimeona kwa macho. Nimepiga kijani ile nzito ya zamani, paa na rimu rangi ya maziwa. Nyuma kwenye sakafu nimetandika mbao sita za mninga juu ya ukanda wa mpira, nikazipaka mafuta ya kitani, mtoto akimwagia soda nafuta. Juu ya paa nimeongeza paa la pili la bati la alumini lililoinuliwa kama inchi moja, mtindo ambao kiwanda kilikuwa kinauza kwa nchi za joto, hewa inapita katikati na ndani ya kabini saa nane mchana tofauti unaisikia kabisa. Taa za mbele nimeweka za halojeni zenye rilei ya umeme ili swichi ya zamani isiungue. Mikanda nimefunga ya kisasa na kila bolti ya mkanda nyuma yake ina pleti. Tairi 7.50-16 zilezile. Sikuweka mataa kumi mbele wala rimu pana, rimu pana kwenye hizi beringi na stelingi isiyo na msaada inakuumiza mabega na inaua viungo vya stelingi.

Barabarani ikoje? Iko poa mpaka 80, hapo inaimba na wewe unaimba nayo. Ukipeleka 100 inafika lakini hamsikilizani tena. Petroli mimi napata kilomita 5 mpaka 6 kwa lita, kwa bei za sasa hiyo sio gari ya kwenda nayo kazini kila siku. Series 3 ina gia nne za mbele zote zinaingia bila kukwaruza, za Series 2 gia ya kwanza na ya pili lazima ujue kupiga klachi mara mbili. Kile kirungu cha njano unakibonyeza inashika magurudumu yote manne, chekundu unakivuta nyuma unapata gia za nguvu, na kwenye tope la masika njia ya kwetu nimewavuta wenye gari mpya wawili, wote walishuka kuipiga picha. Inadondosha oili matone mawili matatu kwa usiku kwenye bola la mbele kulia, lile la kung'aa linalogeuza gurudumu, limeshachubuka na kutu na hakuna oili sili itakayokaa hapo mpaka nipate bola jipya.

Gharama yote mpaka leo, ukiacha bei ya kununua, nimetumia milioni 9 na ushee kwa miaka mitatu, na zaidi ya nusu imekwenda kwenye chuma cha chini, chesisi na ule ukuta. Ningegonga nyundo siku ile Karatu ningepunguziwa milioni mbili nzima au ningetafuta nyingine. Mafunzo niliyopata na jioni nilizokaa na mwanangu siwezi kuziuza, lakini hela ni hela, na mwenye mshahara kama wangu ajue anaingia wapi. Kama gari nyota 5 kati ya 5 kwa kazi ya kufufua nyumbani. Kama usafiri wa kila siku nyota 2. Kama kitu cha kununua kwa macho, usithubutu. Kwenye tamasha la Landrova Arusha, Oktoba 2024, nilizunguka nikiangalia pikapu za kila rangi, watu wamejazana wanapiga picha madigadi, na mwenye gari aliyenivutia kuliko wote alikuwa ameweka kioo cha kabati chini ya gari yake ili watu waone chesisi.

Mwezi uliopita niliipeleka Karatu kwa yule mzee. Kupanda ukuta wa Bonde la Ufa pale juu ya Mto wa Mbu ilipanda kwa gia ya pili, joto halikusogea. Nikaipaki palepale chini ya mgunga, nikamwamkia, akaizunguka mara moja mikono iko nyuma, akapita madigadi bila kuyagusa, akamwita mjukuu wake alete gunia na supana. Akatandika, akalala chini polepole akishika goti, nikaona miguu tu. Nikasikia anagonga kuanzia mbele kurudi nyuma, ngi, ngi, ngi, akafika kwenye boriti ya nyuma akagonga mara tatu, akanyamaza, akagonga tena.

"Hii inaitika," akasema akiwa hukohuko chini, halafu akaniuliza nimeipata wapi pleti nene namna hiyo.